Barabara ya mjini hukarabatiwa vipi, na pesa hutoka wapi: mwongozo kwa mkaazi wa Mombasa

Kila masika yakiingia, mazungumzo ya barazani Mombasa hugeuka kuwa ya barabara. Maji yamejaa hapa, lami imemeguka pale, matatu zimepandisha nauli kwa sababu ya foleni, tuktuk hazitaki kuingia mtaani. Lawama huenda kwa gavana, mbunge, mwakilishi wa wadi na mwanakandarasi, zote kwa wakati mmoja. Mvua zikikatika, watu huzoea mashimo na mjadala hulala hadi masika mengine.

Jambo moja husahaulika katika mjadala huo. Barabara hukarabatiwa kwenye karatasi miezi mingi, pengine miaka, kabla katapila halijafika. Mtaa ambao haukutajwa katika mpango wa mwezi wa Septemba ni vigumu kupata pesa Julai inayofuata, hata wakaazi wakipiga kelele vipi mwezi wa Mei. Makala haya yanaeleza njia yenyewe: barabara ni ya nani, ukarabati ni kitu gani, pesa hutoka wapi, na mkaazi anaweza kuingia wakati gani sauti yake ikasikika.

Swali la kwanza: barabara hii ni ya nani?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi za barabara mara mbili. Serikali ya kitaifa ilipewa barabara kuu za taifa, pamoja na kuweka viwango ambavyo kaunti zitavifuata katika ujenzi na utunzaji wa barabara nyingine. Kaunti zilipewa barabara za kaunti, taa za barabarani, usimamizi wa magari na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Jedwali hilohilo liliikabidhi kaunti pia mifumo ya kuondoa maji ya mvua katika maeneo ya mijini. Wengi hawalijui jambo hili la mwisho, na tutalirudia.

Upande wa kitaifa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu. Ya kwanza ni Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Kwetu Mombasa ndiyo inayoshika barabara ya kuelekea Nairobi, ile ya kwenda Malindi, na ile itokayo Likoni hadi Lunga Lunga. Ya pili ni Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, ambayo husimamia barabara za kitaifa zilizo ndani ya miji. Ya tatu ni Mamlaka ya Barabara za Mashambani, KeRRA. Kwa hivyo ndani ya mji mmoja kunaweza kuwa na barabara tatu zinazokutana kwenye mzunguko mmoja, na kila moja ina mwenyewe.

Mwaka 2016 serikali ilichapisha katika Gazeti Rasmi orodha ya barabara zote nchini pamoja na madaraja yake. Katika jumla ya takriban kilomita 161,000, kiasi cha kilomita 40,000 zilihesabiwa kuwa za kitaifa, na kiasi cha kilomita 121,000 kuwa za kaunti. Yaani robo tatu ya barabara za Kenya ni mzigo wa kaunti. Mgao wa pesa haukufuata uwiano huo, na hapo ndipo ulipo mzizi wa ugomvi mwingi tunaousikia.

Mkaazi anayelalamika kwa mlango usiokuwa wake hujibiwa kwa adabu kisha husahauliwa. Kabla ya kuandika barua, uliza barabara yenu ina namba gani na iko chini ya nani. Ofisi ya kaunti inayohusika na uchukuzi, au ofisi ya mkoa ya KURA au KeNHA, inapaswa kuwa na jibu.

Kuziba mashimo si kukarabati

Wahandisi hutofautisha kazi nne, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni matengenezo ya kawaida: kuziba mashimo, kuzibua mitaro, kufyeka majani, kupaka upya alama. Hii ni kazi ya kila mwaka.

Ya pili ni matengenezo ya kipindi: kuweka tabaka jipya la lami juu ya barabara ambayo bado ina nguvu chini yake, baada ya miaka kadhaa.

Ya tatu ni ukarabati wenyewe: kuchimbua sehemu zilizokufa, kuimarisha tabaka la kokoto, kujenga upya mitaro na kalvati, kisha kuweka lami au kabro.

Ya nne ni kujenga upya au kupanua, kama barabara ya njia mbili inapofanywa ya njia nne.

Kila hatua ni ghali kuliko iliyo kabla yake. Ndiyo maana wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa mdogo kwenye lami huingiza maji, maji hulainisha tabaka la kokoto, gari zito hupita juu yake, na baada ya misimu michache shimo limekuwa birika. Wakati huo kumwaga lami juu ya shimo ni kupoteza pesa, maana ugonjwa uko chini.

Uzito wa magari nao una hesabu yake. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba madhara ya ekseli moja kwa barabara hupanda kwa kiasi cha uzito wake ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli yenye uzito maradufu haileti madhara maradufu. Huleta kiasi cha mara kumi na sita. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori kubwa kabisa. Katika mji wa bandari kama wetu, barabara ya mtaa iliyojengwa kwa matatu na magari madogo ikigeuzwa njia ya mkato ya malori ya makontena, itakufa kabla ya umri wake. Anayepanga ukarabati bila kuhesabu malori anapanga ukarabati mwingine wa karibuni.

Mpango mzuri huanza na maji

Kabla ya bei kuandikwa, kuna kazi ya kupima. Wahandisi huhesabu magari, hupima udongo, huangalia mteremko, na hutafuta maji ya mvua yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Mombasa hali ya ardhi hubadilika kwa umbali mfupi. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, pande za pwani ya kaskazini na kusini kuna mchanga mwingi, na upande wa bara la magharibi kuna udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Mchoro mmoja haufai kila mahali.

Mtaro ndio uhai wa barabara. Barabara yenye lami nzuri na mtaro mbovu haiwezi kushinda barabara yenye lami ya wastani na mtaro unaotiririka. Hapa ndipo lile jambo la Jedwali la Nne linapotubana. Barabara inaweza kuwa ya KURA au KeNHA, lakini maji ya mvua ya mtaa unaoizunguka ni jukumu la kaunti. Mamlaka ikijenga mtaro wake ukaishia mahali ambapo kaunti haina mtaro wa kuyapokea maji, yatarudi juu ya lami. Swali la kuuliza katika kikao chochote cha mradi ni fupi: mtaro huu unaishia wapi, na nani anausafisha?

Jambo la pili ni vilivyo chini ya ardhi. Mabomba ya maji, ya majitaka, nyaya za umeme na za intaneti hupita humo kwenye eneo la barabara. Zikihamishwa au kubadilishwa kabla ya lami, gharama huwa moja. Zikisahauliwa, lami ya miezi sita huchimbuliwa, bomba hutengenezwa, na mahali palipochimbuliwa hufukiwa kwa kifusi. Kila mkaazi wa Mombasa ameliona hili. Dawa yake ni barua kati ya taasisi wakati wa kuchora ramani, na fungu la pesa za kuhamisha mabomba liwemo ndani ya bajeti ya mradi.

Jambo la tatu ni watu. Wenye ardhi inayochukuliwa wana haki ya kulipwa fidia kwa Katiba na Sheria ya Ardhi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayosimamia. Wenye vibanda vilivyo ndani ya eneo la barabara hawana haki hiyo kwa ardhi, lakini mradi ukiwa wa mkopo wa Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, miongozo ya wakopeshaji hutaka hata asiye na hati asaidiwe anapopoteza mali au kipato. Mama anayeuza mahamri kando ya barabara anapaswa kuhesabiwa tangu siku ya sensa ya mradi, si siku tingatinga linapofika. Miradi mikubwa pia huhitaji tathmini ya mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 1999, inayosimamiwa na NEMA, na umma una nafasi ya kutoa maoni.

Pesa hutoka wapi

Mifuko ni minne, na kila mmoja una masharti yake.

*Ushuru wa mafuta.* Sheria ya mwaka 1993 iliunda mfuko wa matengenezo ya barabara, na kila anayenunua petroli au dizeli huuchangia. Tangu Julai 2024 ushuru huo ni Sh25 kwa lita, kutoka Sh18. Matatu ikijaza lita 40, imelipa Sh1,000 za barabara kabla haijapakia abiria. Tuktuk inayotumia lita tano kwa siku hulipa Sh125 kila siku. Bodi ya Barabara Kenya ndiyo inayozigawa pesa hizi. Kwa mgao uliozoeleka wa sheria, asilimia 40 huenda KeNHA, 32 hupitia KeRRA pamoja na sehemu ya maeneo bunge, na 15 huenda KURA.

Mambo mawili yamebadilisha picha. Mwaka 2025 serikali iliweka rehani Sh7 katika kila Sh25 ili kukopa na kulipa madeni ya wanakandarasi yaliyofika kiasi cha Sh175 bilioni. Katika zile Sh1,000 za matatu, Sh280 zinalipa kazi za nyuma. La pili ni mvutano kati ya magavana na wabunge kuhusu Sh10.5 bilioni za mfuko huu kwa mwaka wa fedha 2024/25. Magavana walisema barabara nyingi ni za kaunti na pesa zifuate kazi. Wabunge walitaka zibaki katika mamlaka za kitaifa. Ugomvi ulifika mahakamani. Sheria inaweza kuupa ushindi upande wowote, lakini shimo la mtaani halijui kesi. Kila mwezi wa mabishano ni mwezi ambao hakuna aliye tayari kulishika.

*Bajeti ya kaunti.* Huu ni mgao kutoka Hazina ya Kitaifa pamoja na mapato ya kaunti yenyewe: maegesho, kodi za ardhi, leseni za biashara. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa muda wa wastani, iende kwenye maendeleo. Barabara za mitaa hushindana humo na hospitali, chekechea na masoko. Tena mgao wa Hazina ukichelewa, mishahara hulipwa kwanza na barabara husubiri.

*Bajeti ya taifa.* Bunge hutenga pesa za maendeleo kwa KeNHA na KURA nje ya ushuru wa mafuta. Hizi ndizo hukatwa mapema serikali inapobana matumizi.

*Mikopo na misaada.* Miradi mikubwa ya Pwani imetegemea mfuko huu. Mfano ulio karibu ni upanuzi wa barabara ya Mombasa hadi Mariakani. Iligawanywa vipande viwili. Kipande cha kwanza, Mombasa hadi Kwa Jomvu, takriban kilomita 11, kilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Cha pili, Kwa Jomvu hadi Mariakani, takriban kilomita 30, kilitegemea benki ya maendeleo ya Ujerumani KfW, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Umoja wa Ulaya. Barabara moja, wakopeshaji tofauti, na kipande cha pili kikachelewa nyuma ya cha kwanza. Abiria wa Mazeras aliyekaa foleni miaka hiyo alikuwa anasubiri mikataba ya fedha kama alivyokuwa anasubiri lami.

Kaunti yenyewe haiwezi kukopa ipendavyo. Kifungu cha 212 cha Katiba kinataka dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Kuna pia misaada yenye masharti, kama mpango wa miji wa Benki ya Dunia ambao awamu yake ya kwanza ilihudumia miji ya kaunti 45. Mombasa na Nairobi hazikuwemo.

Kalenda ya kubandika ukutani

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kwa kaunti, tarehe za sheria ni hizi:

- Kila miaka mitano: Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mradi usiokuwemo humu huanza ukiwa umechelewa.
- Septemba 1: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti. Huu unahusu mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata.
- Februari 28: Waraka wa sera ya fedha, unaoweka kiwango cha juu cha pesa za kila idara.
- Aprili 30: Makadirio ya bajeti, ambapo miradi hutajwa na pesa zake.
- Juni 30: Sheria ya matumizi hupitishwa.

Baina ya tarehe hizo kuna vikao vya umma, kwa sababu Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Vikao vingi huhudhuriwa na watu wachache, kisha husemekana kwamba umma umekubali.

Sasa hesabu. Bajeti ikipita Juni na pesa zikianza kufika baada ya miezi kadhaa, zabuni ikatangazwa, ikatathminiwa, na malalamiko ya walioshindwa yakasikilizwa, mwanakandarasi anaweza kuingia barabarani Machi au Aprili. Ndipo masika huingia. Barabara imechimbuliwa, mvua inanyesha, na Juni mwaka wa fedha unakwisha. Kazi nyingi tunazoziona zimekwama katikati ya matope hazikukwama kwa uchawi. Zilianza mahali pabaya katika kalenda. Mtaa ukiona zabuni haijatangazwa kufikia Novemba, huo ndio wakati wa kupiga mlango, si Mei.

Zabuni na mkataba

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inakataza afisa kuanza zabuni bila kuhakikisha pesa zimetengwa. Madeni ya wanakandarasi tunayoyasikia yanaonyesha jinsi kanuni hii inavyopuuzwa, au jinsi pesa zilizotengwa zisivyofika. Sheria hiyo pia huweka mipaka ya kubadilisha mkataba katikati ya safari: wingi wa kazi usizidi asilimia 20 ya ule wa awali, na jumla ya nyongeza zote isipandishe bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Bei inayopaa kuliko hapo inahitaji maelezo.

Baada ya kazi kukabidhiwa kuna kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi cha mwaka mmoja. Sehemu ya malipo huzuiwa hadi kipindi hicho kiishe, na mwanakandarasi hulazimika kurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama yake. Kwa sababu hiyo mwaka wa kwanza ndio wa kufumbua macho. Lami ikipasuka mwezi wa nane, piga picha, andika tarehe na mahali, peleka kwa mhandisi wa mradi. Ukingoja hadi mwezi wa kumi na tano, gharama imerudi kwa mlipa kodi.

Maswali saba ya kwenda nayo kikaoni

1. Barabara hii iko chini ya nani, na iko daraja gani?
2. Imo katika mpango wa mwaka? Ukurasa gani, na kwa pesa ngapi?
3. Kazi ni ya kuziba, kuweka tabaka jipya, au kukarabati kutoka chini?
4. Mtaro unaishia wapi, na nani anausafisha baada ya hapo?
5. Mabomba na nyaya zitahamishwa kabla ya lami?
6. Pesa ni za mfuko gani, na ni kiasi gani kimekwisha kufika?
7. Mwanakandarasi ni nani, mkataba unaisha lini, na kipindi cha kasoro ni cha muda gani?

Ukinyimwa majibu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuuliza kwa maandishi, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutolewa kwa umma, na huonyesha kaunti ilitenga nini na ikatumia nini. Ombi rasmi kwa bunge la kaunti lililotiwa saini na wakaazi wa mtaa mzima lina uzito kuliko simu mia za hasira.

Hakuna kati ya haya kinachohitaji usomi mkubwa. Kinachohitajika ni mtaa kuchagua watu watatu wanne wa kufuatilia karatasi: mwalimu mstaafu, mwenye duka, kijana anayejua kompyuta, mama wa kikundi cha akiba. Kamati za misikiti na makanisa, vyama vya matatu na tuktuk, na vyama vya wakaazi vinaweza kugawana kazi hiyo. Dereva wa tuktuk anayelipa Sh125 za barabara kila siku ana haki kamili ya kujua zilikokwenda, na Agosti, wakati mpango wa mwaka unaandikwa, ndio mwezi wake wa kuuliza.